Lugha ya Mashine ku Lupango ya Jirani

Baba yangu alitumikaka ku treni, na siku ya Mungu, kisha misa, alipigaka akordeo mu lupango yetu, mu uwanja ya nyumba. Nyimbo alizojua zilikuwa kidogo tu, lakini bantu ba avenue nzima balikuya kusikiliza. Ile akordeo ilipasuka pembeni, mama akaishona na uzi ya viatu, tuache ile. Kwake nilirithi ile njaa: kupenda bantu bakuye kwangu.

Njo maana nilinunua radio-kaseti kule Kipushi. Kila siku ya Mungu rumba inalia inje, bantu banakaa. Bibi yangu, mama ya batoto bangu, eko karibu, lakini kinywa yake haifungi: bei ya makala ya kupikia, ndoa ya bengine, anaongea tu, wimbo ikiendelea kulia. Nilizoea.

Sasa jirani yangu, mwalimu wa zamani, muntu wa Kasai, alitoa mu malle, sanduku yake ya chuma, ordinateur, kompyuta ya kizamani. Anaifunga ku télé. Ukiizima, inasahau yote. Ukiiwasha, lazima uilishe tena lugha yake, BASIC, yenye kukaa mu kaseti. Radio yake ilikufa. Akakuya.

— Papa, utusaidie na radio yako.

Niliibeba mwenyewe. Bibi yangu alikuwa kule tayari, na bamama bengine. Nilitaka aone kwamba bila kintu yangu ile mashine ni sanduku tu.

Kaseti ikaanza kulia kama nguruwe banachinja. Jirani akanyoosha kidole.

— Kimya, bamama! Makelele itaingia, lugha itaharibika!

Upuzi. Sauti ilipita mu kamba toka radio mpaka ku mashine, kamba haina masikio. Lakini bibi yangu alinyamaza. Yeye! Mikono ku magoti, kama mbele ya padiri.

Courant, ule umeme, ikakatika. Nilifurahi, sitadanganya. Kwangu courant ikikatika, bantu banasimama, banaenda kupika. Pale hakuna aliyesimama. Ikarudi, jirani akarudisha kaseti ku mwanzo, na bibi yangu akanyamaza tena.

Lugha ikaingia. Jirani akabonyeza herufi kidogo, télé ikajaa JAMBO MAMA toka juu mpaka chini. Bibi akapiga makofi.

— Papa, ona! Inanisalimia!

— Na radio yangu, hauioni?

— Radio gani? akasema, hata hakugeuka.

Nikasimama, nikapita kati ya viti.

— Papa, unaenda wapi? jirani akauliza. Radio yako?

Nikafungua mulango ya lupango, nikatoka. Radio iko kule. Mimi sikurudi kuichukua.