Kitanda Yenye Nilitandikia Bageni

Kosa ni yangu, musinitetee. Mukianza kunitetea, nitapata nguvu ya kulaumu ziwa, ao majirani, ao hata matela yenyewe. Hakuna moja kati ya bile bintu ilifukuza bwana yangu mu nyumba. Ni miye! Na hii kinywa yangu.

Miye ni mama wa hapa Nchelenge, pembeni ya ziwa, lakini nilizaliwa ng'ambo ya maji, mu inchi ingine, upande wa Pweto. Tulikimbia vita nikiwa kasichana. Mu kambi tulilalaka chini juu ya magunia, na mvula ikinyesha, maji ilipitaka chini ya mugongo. Njo pale niliapa: siku moja nitakuwa na kitanda yangu, na udongo haitaigusa hata kidogo.

Munaona? Ugonjwa yangu ilianzia pale.

Bwana yangu ni muvuvi wa chisense, bale samaki badogo benye banavuliwaka usiku na taa. Jua ikishuka, anaondoka. Anarudi asubuhi, wakati batu bengine banatoka kulala. Kwake muchana njo usiku. Ni mutu mupole, hapana wa maneno mingi. Akicheka, ni mabega tu inacheka.

Miye nauzisha salaula, nguo ya mitumba, pale ku nyumba, zaidi mashuka na mapazia. Beli ikifunguliwa, naangalia mbele ya kastomeri. Ile ya kupendeza naficha yangu. Kidogo kidogo nikajijengea kitanda. Mama weee, ile kitanda! Matela ya sponji nene, ile unafinya na mukono inarudi. Mashuka meupe kama unga. Mito ya kulalia, na mito ingine ya kuangalia tu. Neti ya mbu ya duara, rangi ya roze. Kuvreli ya maua, ya kufunika kitanda yote mpaka chini.

Na plastiki ya matela, ile inakuja nayo toka duka, sikuitoa. Nilisema ikikaa na plastiki haitazeeka.

Mulango wa chumba niliacha wazi, pazia nikaifunga juu, ju bamama benye banakuja kununua baone. Baliona! Jirani mumoja, Mubemba, alisimama pale na kikapu yake ku kichwa, akasema: "Mayo! Ba mayo, hapa munalala kama ku hoteli!" Nilisikia utamu mu kifua. Siku nzima nilikuwa naimba.

Asubuhi ya kwanza bwana yangu akatoka ku ziwa, akaingia, akajilalia. Alikuwa amechoka, mutu mwenye alivuta nyavu usiku muzima.

Nikapiga kelele! "Weeeh! Toka pale! Unanuka samaki!"

"Nimenawa, mama."

"Umenawa na maji ya samaki! Kastomeri banakuja sasa hivi, bataona nini? Mutu amelala muchana juu ya shuka nyeupe? Kamata mukeka, enda kule ku jikoni."

Aliniangalia. Akasema "Bon." Ni ile tu, bon, kama kusema sawa. Akakamata mukeka, akaenda kulala kati ya masufuria, na moshi, na kuku zinapita juu ya miguu yake. Miye nikabaki nanyoosha shuka pale alikuwa amelalia.

Na kesho yake, vile vile. Kiisha sikuhitaji tena kusema. Anafika, anaweka samaki chini, anaenda mwenyewe ku mukeka.

Mutaniuliza, na ile usiku haendi ku ziwa? Zilikuwako, upepo ikiwa mubaya. Tulilalaka wote ku kitanda. Lakini ile plastiki! Ukigeuka, inalia kra kra kra. Na joto, jasho inakusanyika chini ya mugongo, tuko kama mikate mu mufuko. Siku moja akaniambia pole pole: "Mama, tutoe hii plastiki. Nakosa usingizi."

Nikamujibu: "Utazoea. Bengine banalala chini."

Ee Mungu wangu! Nilimuambia nani ile neno? Mutu mwenye miye mwenyewe nilimulazaka chini kila asubuhi! Hata hakunikumbusha.

Akaanza kukonda. Macho mekundu. Ku kanisa akalala akiwa amekaa, kinywa wazi, miye nikamupiga na kiwiko ju nilisikia haya. Haya ya batu, kila mara haya ya batu!

Kiisha wenzake ba mu mutumbwi bakakuja kunielezea. Bwana yangu alisinzia na nyavu mu mukono, akaanza kuanguka mu maji. Balimukamata na shati, pale pale. Banaelezea banacheka, vile banaume banachekaka woga yabo. Na miye nikacheka. Mbele yabo wote nikasema: "Ni pombe hiyo, mumuulize."

Bwana yangu hakunywaka pombe. Hata kidogo. Na ile maneno aliisikia, alikuwa pale inje anaanika nyavu.

Kama ningemupoteza mu maji siku ile, leo ningekuwa naandika habari ingine. Lakini wakati ile, munajua kitu nilifikiri? Nilifikiri kama alilowanisha shati ya muzuri.

Akahamia ku Kabuta, pale pembeni ya ziwa, ku kibanda ya majani ya bavuvi. Samaki anatuma na mutu wa kinga, ile baiskeli ya kubeba batu. Feza ya chakula anatuma. Lakini yeye mwenyewe hakuji. Na miye, mupumbavu, nikaona ni muzuri! Nikasema, harufu imepunguka mu nyumba.

Kitanda ilibaki yangu peke yangu. Nikanyoosha miguu, nikanyoosha mikono. Kulikuwa nafasi mingi. Kidogo kidogo nikasikia ile nafasi ni mingi kupita.

Alors, wakati ya kufunga ziwa ikafika, ile serkali inakatazaka uvuvi ju samaki bazae. Kila muvuvi anarudi kwake. Ku mutaa yetu ulisikia sauti ya banaume mu kila nyumba, banatengeneza mapaa, banagombeza batoto. Nikasema, sasa atarudi. Nikakamata kisu, nikapasua ile plastiki, nikaitupa. Mito ya kuangalia nikauzisha. Nikafua mashuka, nikaianika ku jua ili inuke muzuri. Nikapika.

Hakuja.

Nikapika tena. Kila kinga ikipita na sauti ya breki, natoka inje. Jirani mumoja njo alinihurumia, akaniambia: "Bwana yako iko Kafutuma, kwa dada yake. Analima mihogo."

Nikapanda kinga, nikaenda. Nilifika baada ya mvula, muchana. Dada yake alikuwa anamenya mihogo ku baraza. Kuniona, hakunisalimia na sauti. Aliweka kidole ku midomo.

"Wifi, usimuamushe. Alikuja hapa mutu hana usingizi mu mwili. Sasa njo anapona."

Bwana yangu alikuwa pale nyuma yake. Alikuwa amelala juu ya magunia yenye dada yake alishona pamoja na kujaza majani makavu. Blanketi ya zamani, rangi imeisha. Miguu yake ilikuwa na udongo ya shamba, yote juu ya blanketi, na hakuna mutu alisema kitu.

Na alikuwa anakoroma! Kitanda yangu na uzuri yake yote, sikusikiaka bwana yangu kukoroma juu yake. Nikapewa kiti, nikakaa. Nikamuangalia. Uso yake ilikuwa imerudi, ile uso ya wakati alinioa. Nililia bila sauti, wifi anaendelea na mihogo yake.

Kiisha akaamuka. Akatabasamu kwanza, macho hayajafunguka muzuri. Halafu akaniona.

Batu yangu! Kuniona tu, akavuta miguu yake mbio mbio toka ku blanketi, akaanza kupangusa udongo na mukono. "Pardon, mama," akasema. "Pardon, sikujua unakuja."

Sikuwa nimefungua kinywa. Nilikuwa nimekaa tu. Dada yake aliacha kisu, akaangalia pembeni, na miye nikatamani udongo ile ile inimeze.

Nikamuomba arudi. Nikamuambia plastiki nilitoa, mito nilitoa, pazia nimeshusha, mulango nafunga. Nilipiga magoti, ndiyo, miye mwenye kiburi! Hakukasirika. Kama angekasirika, ningejua niko na bwana bado. Alinishika mukono, akanisimamisha, akasema na ile upole yake: "Asante, mama. Lakini huku nalala."

Nikarudi peke yangu, nimekaa nyuma ya kinga.

Sasa ziwa imefunguliwa, amerudi ku uvuvi. Asubuhi analala ku kibanda yake ku Kabuta. Samaki anatuma bado. Tukionana ku kanisa ananisalimia muzuri, na heshima, vile unasalimia mama wa mutu mwengine.

Weye mwenye unasoma na unataka kununua matela, sikia. Usiulize kama itapendeza macho ya nani. Ita ule mwenye atalala pale, umulaze juu yake na jasho yake na miguu yake. Akipata usingizi mbele yako, hiyo njo ya kununua. Plastiki toa siku ile ile. Na bwana akirudi toka ku ziwa asubuhi, ananuka vile ananuka, mama, funga ile kinywa, umufunike!

Shuka inafuliwa, sabuni iko. Yangu ni safi toka Jumatatu, na hakuna mutu wa kuichafua.