Mke Aliyemwigiza Mumewe

Katika kazi yangu ya kuelimisha jamii kwa maigizo nilikuwa na kanuni moja: kabla ya igizo, niliwaambia watu wasimwigize mtu wanayemjua. Hapa Ihumwa, ninakoishi na kutengeneza cherehani, kanuni hiyo ilifaa. Majirani wengi ni wahamiaji, na mtu anaweza kuigiza mlevi asimguse yeyote. Lakini kijiji kimoja upande wa Busi, wilayani Kondoa, kilinionyesha kwamba huko kanuni hiyo ni sawa na kuwaambia watu wasiigize binadamu. Wanajuana wote, hadi hatua za miguu.

Niliitwa na shule ya msingi. Wanafunzi wakubwa walikuwa wakiwaonea wadogo njiani, wakiwapora karanga na kuwavua viatu, na mwalimu mkuu alitaka wazazi waketi walizungumze. Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, darasa lilijaa. Wanaume walikaa kwenye madawati ya mbele, wanawake na watoto nyuma na sakafuni. Kila mzazi alikuwa tayari kumzungumzia mtoto wa mwenzake.

"Wa kwako ndiye mkorofi, usitufiche."

"Wa kwangu anajihami tu. Wa kwako ana mikono ya mwizi wa kuku!"

Walicheka, lakini niliona tunazunguka palepale. Nikaomba tuigize jioni moja ya nyumbani, kwa sababu mtoto anayepiga wenzake mara nyingi kuna mahali ameuona mkono ukiinuliwa. Wanaume wawe wake, wanawake wawe waume. Mwanamume mmoja mwenye kitambi akajifunga kanga, akachuchumaa kwenye jiko la kufikirika, watu wakaangua kicheko. Kisha akainuka mwanamke mmoja mwembamba ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema neno. Alitoka nje ili aingie kama mume.

Hakutukana, hakupaza sauti. Alikohoa kwanza kule nje, kikohozi kikavu cha mtu anayetaka ijulikane kwamba amefika. Akaingia na rula ndefu ya ubaoni, ambayo sasa ilikuwa jembe, akaiegemeza ukutani taratibu mno, kama kitu cha kioo. Halafu akasimama akitazama sakafu, bega moja limeshuka.

Darasa likalipuka. "Ni yeye! Ni yeye mwenyewe!"

"Bega hilo! Angalieni bega!"

Mwanamume aliyeketi safu ya pili alikuwa akipigwapigwa mgongoni na wenzake. Naye alicheka, akijifuta machozi. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba aliyeigizwa ni yeye, na kwamba mwigizaji ni mkewe.

Karibu na mlango alikuwapo mtoto wa kike, umri wa kuanza shule. Aliposikia kikohozi alikuwa ameshainuka. Hakulia wala hakucheka. Aliokota ndala zake na za mdogo wake, akazipanga vizuri kando ya ukuta, akamshika mdogo wake mkono, akaenda naye nyuma ya kabati la vitabu. Kutoka niliposimama niliona kiganja chake kimeufunika mdomo wa yule mdogo.

Kicheko kilikatika kuanzia nyuma kwenda mbele. Wa mwisho kunyamaza alikuwa yule baba, kwa sababu alichelewa kugeuka. Alipogeuka, akawaona wanawe. Akasimama, akatoka bila kuaga.

Tulifunga kikao kwa dua fupi. Nilikuwa nimeandika ubaoni namba ya dawati la jinsia la polisi, nimeeleza kazi ya mtendaji wa kijiji na ya afisa ustawi wa jamii. Yote yalikuwa sahihi, na hakuna hata moja ambalo lingefika nyumbani kwa mwanamke yule kabla ya jua kuzama. Akanijia akiwa amewashika watoto.

"Mwalimu, umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Basi mimi ndiyo naanza."

Nikamwambia tunaweza kumwomba mtendaji ampe mahali pa kulala. Akatikisa kichwa. "Leo kwa mtendaji. Kesho kwa nani?"

Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akikunja mkeka wake akatusogelea.

"Bwana yule ni mtani wangu," alisema. "Ukoo wetu na wao ni watani tangu kwa mababu. Nikiingia kwake nakula, nakunywa, namtukana, na hana ruhusa ya kukasirika. Twende, mwanangu. Nakwenda kudai jogoo."

Nilikuwa nimesoma habari za utani. Niliujua kama mila ya misibani na harusini. Kwamba unaweza kuwekwa mlangoni kama komeo, hilo sikuwa nimelisoma popote.

Nilifikia kwa balozi wa nyumba kumi, nyumba ya tatu kutoka kwao. Magharibi ilipoingia sauti ya yule mama ilitufikia bila shida.

"Mtani mchoyo wewe! Mlenda gani huu hauna chumvi? Ukinifukuza nakwenda kulia msiba wako kabla hujafa!"

Aliposema, nilipumua. Aliponyamaza, nilisimama, nikaenda hadi uani, nikarudi, nikakaa, nikasimama tena.

"Kaa, mwalimu," balozi akaniambia. "Unatuchosha hata sisi tuliolala."

"Amenyamaza."

"Anatafuna."

Asubuhi nilikuwa kituoni, mkoba mgongoni, basi la Kondoa mjini linaunguruma. Yule mwanamke akaja na ndoo tupu mkononi. Nilimtazama usoni na mikononi kabla ya kumsalimu, naye akaniacha nitazame.

"Hajanigusa," alisema.

"Na leo?"

"Leo sijui. Wewe unapanda gari."

Hakulisema kwa hasira. Nikashusha mkoba, basi likaondoka. Tulikaa ofisini kwa mtendaji hadi adhuhuri: yule mwanamke, mama mtani, mwalimu mkuu na mimi. Mama mtani akasema watakwenda kwa zamu, yeye na wanawake wa ukoo wake, kila jioni. Nilifurahi, nikaanza kumsifu. Mwanamke akanikatiza.

"Mtani si polisi. Akae, nashukuru. Lakini mkono ukiinuka, nataka polisi, sitaki utani."

Mtendaji akakubali mbele yetu sote kwamba siku hiyo ikifika atampeleka Kondoa yeye mwenyewe. Mume aliitwa, akaja, akaambiwa hayo. Alisikiliza akitazama sakafu. Mwishoni aliuliza jambo moja tu, kama mtoto wake hujificha vile siku zote. Mkewe akajibu: "Siku zote." Mume akaenda zake shambani.

Tangu hapo mama mtani hunibipu kila akitoka kule. Mlio mmoja, kisha unakata: maana yake salama. Nimekuwa mtu wa kukaa na simu mapajani, kazi ya cherehani mkononi, na huzungusha gurudumu bila kushona chochote. Mke wangu husema kijiji kizima nimekihamishia sebuleni.

Juzi jioni mlio haukuja. Nilingoja, nikashindwa, nikapiga mimi. Simu iliita hadi karibu kukata.

"Mwalimu! Nimesahau, baba," mama mtani akasema, mdomo umejaa chakula. "Tunagombania maboga huku."

"Nani anagombana?"

"Sikiliza mwenyewe."

Nikasikia sauti ya yule mtoto wa kike, kali, karibu na simu: "Hapana, baba! Hilo nililolichuma mimi hulipati!" Sauti nzito ya baba yake ikajibu kitu ambacho sikukishika. Nikakaza sikio. Mtoto akarudia, kwa nguvu zaidi, "Hulipati!"

Sikukata simu. Nilikaa nikisikiliza wanavyobishana, hadi salio likaniishia.