Udongo wa Kaburi la Dada Yangu

Siku ile kwetu Rwambuzi tulikuwa hivi. Mimi. Muke wa mwanangu wa kwanza, mwenye hii kazi ya kualika watu waje kufinyanga: leo sikukuu ya kuzaliwa, kesho wafanyakazi wanaojifurahisha. Binti ya dada yangu mukubwa, aliyekuja kuwapikia wageni. Na wageni wenyewe, wafanyakazi wa biro moja ya hapa Bunia: direkta, sekretere wake, dereva, na wenzao. Majina yao yote niko nayo kichwani, lakini siyaandiki.

Mimi kazi yangu ni kukanda na kuchoma. Udongo tunachimba hapa mutoni, iko na muchanga mingi. Lakini nyuma ya kitanda changu nilikuwa na gunia moja ya udongo mweusi wa Bule, kijiji chetu tulichokimbia kwa sababu ya vita. Mama mumoja mwenye biashara aliniletea kwa lori, kupitia Iga Barrière. Kwetu, mwanamuke mufinyanzi akikufa, ndugu yake anamufinyangia chungu kwa udongo wa pale alipokuwa akichimba mwenyewe, kinafunikwa juu ya kaburi. Dada yangu huyo mukubwa alikufia hapa, katika kukimbia. Nilikuwa nangoja mvua iishe, maana chungu kikubwa hakikauki vizuri wakati wa mvua.

Asubuhi ile nilikwenda kusali. Kurudi, nikakuta wageni mikono myeusi mupaka kwenye viwiko.

“Mama, ile ya mutoni ilikuwa inapasuka mu mikono yao,” muke wa mwanangu akaniambia. “Nilikamata ile ya nyuma ya kitanda. Tutatafuta ingine.”

“Tutatafuta wapi?”

Akarudi kwa wageni. Njia ya Bule anajua namna iko: watu wanauawa humo.

Direkta aliinua kibakuli chake cha kutilia majivu ya sigara. “Tate,” akaniita, kama mutu anavyomwita bibi yake, “angalia. Hii si ya kupeleka soko?”

“Direkta, hiyo hata kuku atakataa kunywea,” sekretere akasema. Wakacheka wote, dereva mupaka akainamia meza.

Binti ya dada yangu alikuwa anatoka jikoni na sahani ya sambusa. Aliutambua udongo wa mama yake. Akaweka sahani chini, akarudi ndani.

Udongo usiochomwa, ukiutia ndani ya maji unarudi kuwa udongo. Wageni walipokwenda wakaacha vitu vyao vikauke, nikaleta beseni la maji. Muke wa mwanangu akasimama mbele ya mbao za kukaushia.

“Mama, hivi ni vitu vya bageni. Bakirudi bakose vitu vyao, nani atakuja tena huku kwetu? Batoto batakula nini?”

“Na dada yangu?”

“Yeye haiko na haraka, Mama.”

Nilimwaga maji nje, vitu vyao nikaviacha. Mwanangu hana kazi, wajukuu wanakula kwa mikono ya yule mwanamuke.

Vilipokauka nikavichoma mimi mwenyewe, kwa sababu moto hakuna mwingine anayeujua katika nyumba ile. Direkta alituma dereva kuchukua kibakuli chake. Wengine hawakurudi. Vitu vyao viko kwenye kona: vikombe vya kuegemea upande, moyo mumoja, na kitu kama kiatu. Binti ya dada yangu hakuja tena kupika. Kaburi liko na musalaba wa mbao tu.

Ninyi mliokuwako, kama nimekosea, kama aliyecheka sana si dereva, ama mama wa lori alikuwa mwingine, mukuje munisahihishe. Mulango munaujua.