Unga wa Safari ya Mama

Utotoni mwangu, katika uwanda wa Mueda, hakuna aliyefunga safari kabla unga haujaulizwa. Bibi alimimina unga wa mtama chini, ukasimama kama kichuguu kidogo chenye ncha, akaufunika kwa chungu, akauacha ulale. Asubuhi ncha ikikutwa nzima, safari ina heri. Ikiwa imebomoka, msafiri anabaki. Aliyeruhusiwa alikuwa na mwiko mmoja: akishavuka kizingiti asigeuke nyuma, kwani kugeuka ni kuubomoa unga kwa macho.

Vita vya kumwondoa Mreno Msumbiji vilikuwa vimepamba moto. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba risasi na mahindi kichwani, kutoka mto Ruvuma hadi kambi za wapiganaji. Safari ile alitaka mtoto mmoja wa kumsaidia. Mwingine angevushwa na Bibi hadi Tanzania. Unga wa Mama ulikuwa umekwisha kukubali; Bibi akamimina mafungu mawili mengine, langu na la dada yangu Anjelina. Kulipokucha, la Anjelina lilikuwa limesimama. Langu lilikuwa limelala upande.

“Mwanaume mzima unalilia unga?” Anjelina alinicheka.

Alitangulia na furushi lake, shingo imekazwa kwa kuogopa mwiko. Mama alifuata. Penye shamba la mihogo, Mama aligeuka, mwili mzima, mzigo kichwani, akanitazama. Bibi alinibana mkono hadi nikaumia.

Haukupita muda, Wareno wakaleta ndege, helikopta na maelfu ya askari ili wazimalize kambi za uwandani kwa mkupuo mmoja. Waliiita kampeni hiyo Fundo la Gordio, kwa jina la fundo la hadithi ya kale lililokatwa kwa upanga mmoja. Mama aliuawa humo. Anjelina alivuka mto na wanawake wengine, akatukuta Tanzania, mimi na Bibi.

Tangu hapo nimemwonea wivu. Nilimwonea wivu hata kwa machozi yake, kwa sababu yalikuwa na mambo ya kulilia ambayo mimi sikuyaona. Watoto wetu walipotuleta Sydney, nikiwa mzee tayari, nilijifundisha kusoma kwa vitabu vya shule vya wajukuu. Sikutafuta elimu. Nilitaka na mimi niwe na kipande changu cha vita vile.

Jumapili moja, jikoni kwa Anjelina, mtaa wa Quakers Hill, nilikuwa nikimweleza mjukuu wake jinsi Wareno walivyoziteka kambi huku wapiganaji wengi wakiwa wamekwisha kuponyoka, na jinsi vita vilivyoendelea hadi wakoloni wakaondoka.

“Babu, wewe hukuwepo,” mtoto alinikatiza, kwa Kiingereza chake. “Bibi Anjelina ndiye aliyekuwepo.”

“Mwache,” Anjelina alicheka, akimenya mihogo. “Huyo ni jenerali wa maktaba.”

Maneno yalinichoma. “Basi wewe uliyekuwepo, tuambie Mama alikuwa na sura gani.”

Kisu kilisimama.

“Siikumbuki,” alisema. “Porini alikuwa akitangulia yeye. Nakumbuka mgongo, na kisigino kilichopasuka. Sura imenitoka, mdogo wangu.”

Nilimpa. Nilimwambia chale za mashavuni, ndonya, kile kipini cha mti kilichotobolewa kwenye mdomo wa juu, jicho la kushoto lililofumba kidogo penye jua. Alisikiliza amefumba macho, kama mgonjwa anayelishwa.

“Uliishikaje hivyo? Ulikuwa mdogo.”

“Aligeuka,” nilisema. “Siku ile, penye shamba la mihogo.”

Aliweka kisu chini, akajishika shingo.

“Mimi shingo iliniuma kwa kutogeuka,” alisema. “Kumbe yeye aligeuka. Kwa ajili yako.”

Sauti ile niliitambua. Ilikuwa yangu, ya miaka yote.

Nimesoma vya kutosha kujua kwamba bomu haliulizi unga. Hata hivyo, masomo yangu hayajafika pale Bibi aliponibana mkono. Ikiwa unga ulisema kweli, Mama alikufa kwa kunitazama. Na nikijiuliza kama ningependa asigeuke, afike salama, arudi pamoja na Anjelina, jibu lililo sawa nalijua. Ila moyo wangu unachelewa kulitoa.