Bipu Kutoka Bunda

Ilipofika saa kumi na mbili na robo asubuhi, simu yangu ilikuwa bado haijaita.

Tulikuwa wanawake watatu wenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa mwilini. Tulifahamiana kwenye benchi la kliniki: mmoja wa Bunda, mwingine wa Butiama, na mimi wa Mwisenge hapa Musoma. Kila asubuhi saa kumi na mbili wa Bunda alinibipu, nami nikambipu wa Butiama, naye akambipu wa Bunda. Maana yake ilikuwa moja: nimeamka. Kupokea tulikatazana. Siku niliyojisahau nikapokea, wa Bunda alinifokea huku akicheka: "Wewe mama, usipokeagi! Unanila hela. Acha iite, ujue bado nasumbua watu."

Wiki ile alikuwa amelalamika kwamba mgongo haumruhusu hata kukaa. Nilisubiri mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Kisha nikamfikiria wa Butiama, naye ameshika simu. Ningenyamaza, angedhani tumeondoka wawili. Nikambipu.

Akanipigia papo hapo. "Wa Bunda je?"

"Bado."

"Mpigie, dada. Mimi nipo, siendi popote."

Nikanunua vocha ya mia tano, kwa sababu safari hii nilitaka apokee, anifokee. Nilipiga asubuhi, mchana na jioni. Kila mara iliita mpaka ikakatika yenyewe. Giza lilipoingia nikaangalia salio. Lilikuwa vilevile, shilingi mia tano.