Barua za Mehitabel Doane kwa Waziri

Mehitabel Doane wa Wellfleet alijua kusoma, kuandika hakujua. Huku kwetu rasini, pwani ya Amerika, msichana alifundishwa kusoma ili aijue Biblia yake, kisha akapewa sindano. Kalamu wakapewa kaka zake. Kwa hiyo mwanawe alipokamatwa baharini, barua ya kwenda kwa waziri kule Filadelfia aliisema yeye, akaiandika Hakimu Elkanah Paine, mtu mwema lakini mpenda maneno makubwa kuliko chakula.

Aliyekamatwa ni Barzilai, kitinda mimba wake. Manowari ya Mwingereza ilisimamisha mashua yao ya kuvulia chewa, maofisa wakapanda, wakamchagua yeye kama mtu anayechagua kuku sokoni. Mwenzake aliyeachwa ndiye aliyeleta habari. “Wamesema Barzilai ni Mwingereza mtoro,” alieleza, “na Mwingereza mtoro ni wa mfalme.” Haya, mtu amezaliwa Wellfleet, baba yake Wellfleet, babu yake kazikwa Wellfleet, eti ni wa mfalme!

Waziri huyo alikuwa mmoja wa wale waliolisimamisha taifa hili likiwa bado linatambaa, na watu walimwandikia kila jambo. Wajane walimwandikia. Watu waliowapa watoto wao jina lake walimwandikia wakitaraji zawadi. Mehitabel hakutaka zawadi, alitaka mwanawe. Na ili waziri awabane Waingereza, alihitaji kiapo kwamba kijana kazaliwa huku, na alama ya mwilini ya kumtambulisha.

“Ana alama gani?” Hakimu aliuliza.

“Nyekundu, nyuma ya bega la kushoto,” Mehitabel alijibu hapohapo. “Kama stroberi. Nimeibusu mara nyingi.”

Akaapa, hakimu akaandika, barua ikaenda. Mumewe Nehemia alikuwa baharini, na binti yake mkubwa, Kezia, alikuwa kwake Truro alikoolewa. Hapakuwa na wa kumwuliza, na kwa kweli nani amwulize mama habari za mwanawe?

Jibu lilifika wakati wa kuanika maboga. Mehitabel alilisomea palepale kwenye nyumba ya wageni, barua zinakofikia, bila hata kuvua kofia. Waziri alisema mtu wake katika bandari ya Waingereza amekwenda kwenye ile manowari. Huyo anayejiita Barzilai Doane amevuliwa shati mbele ya mashahidi, na mgongo wake hauna alama yoyote. Bila shaka ni Mwingereza aliyejipachika jina la kijana wenu. Mambo hayo hutokea. Kuhusu mwanao halisi, mama, tunasikitika hatuna habari zake.

Akaisoma tena. Mwanao halisi. Kama yule si Barzilai, Barzilai yuko wapi? Na yule mwenzake alimwona nani akishushwa?

Alimkuta Nehemia amerudi, anashona nyavu jikoni. Akamsomea.

“Alama gani?” Nehemia akauliza.

“Ya begani.”

“Barzilai hana alama begani.”

“Anayo.”

“Mke wangu, nimemfundisha mimi kuogelea. Mgongo wa yule mtoto naujua kama mlango wa nyumba hii. Hauna kitu.”

“Na mimi nimemzaa. Unataka kuniambia nimeapa uongo?”

“Sijui umeapa nini. Nasema hana.”

Basi ikawa vurugu tupu. Mehitabel hakulala vizuri, hakupika vizuri, maharagwe yakaungua Jumamosi, na huku kwetu maharagwe ya Jumamosi yakiungua mtaa mzima unajua. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwauliza vijana waliokua na Barzilai kama wamewahi kumwona mgongo. Mama mmoja akamjibu kwa kejeli, “Bibi Doane, wanangu wana kazi nyingine kuliko kutazama migongo ya watu.” Mzee mmoja mwenye busara za bure akamwambia maji ya chumvi hufuta alama. Mwingine akasema Waingereza wamemsugua kwa jiwe. Mehitabel aliyachukua maneno yote, maana mfa maji haachi kutapatapa. Asubuhi aliamini mwanawe amesuguliwa, jioni aliamini mwanawe amekufa na jina lake limevaliwa na mgeni. Akaogopa akili yake mwenyewe.

Ndipo Kezia akaja kutoka Truro. Alisikiliza yote amesimama, akaketi taratibu.

“Mama,” alisema, “hiyo alama alikuwa nayo yule wa kwanza.”

Sasa jambo lenyewe ni hili. Huku kwetu jina haliendi kaburini. Mtoto akifa, anayemfuata akiwa wa jinsi ileile hupewa jina lake, na hakuna anayeona ajabu. Barzilai wa kwanza aliondoka na ugonjwa wa koo, hata kutembea hajaanza. Baadaye akazaliwa mwingine, akavishwa jina kama koti la kaka yake. Mehitabel hakuwahi kusema wa kwanza wala wa pili. Alisema Barzilai tu, miaka yote, na ndani ya moyo wake wawili wale walikuwa wameungana wakawa mtoto mmoja, ambaye hakufa kamwe.

Nehemia akaweka nyavu chini.

“Basi huyu wangu aliye hai,” Mehitabel akauliza, “ana alama gani?”

Walimtazama wote wawili, na akaona haya, haya ya kweli, kwa sababu alijitafuta asipate kitu.

“Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakikunjiki,” Kezia akasema. “Alijikata kwa shoka akiwa na miaka sita. Nilimfunga mimi. Wewe ulikuwa makaburini siku hiyo, mama. Aliniambia nisikwambie, eti una kazi na yule mwingine.”

Mehitabel alivaa kofia yake akaenda moja kwa moja kwa Hakimu Paine kutaka barua nyingine.

Hakimu hakupenda. “Fikiri kwanza, Bibi Doane. Barua hii inamwambia waziri kwamba kiapo chako ni kosa. Atasema huyu mama hamjui hata mwanawe, na hataisoma barua yako nyingine maishani. Tuseme tu macho ya mashahidi yalikosea.”

“Macho yao hayakukosea.”

“Basi tuseme kwa kuzingatia majonzi ya uzazi na udhaifu wa kumbukumbu za kibinadamu...”

“Hakimu, kuandika sijui, lakini nitaisoma kabla hujaikunja. Andika hivi: nilizaa wawili kwa jina hili. Mmoja amekufa, na alama ilikuwa yake. Huyu mwingine sikumtazama vizuri, kosa ni langu. Kidole chake cha mwisho hakikunjiki. Namtaka huyu aliye hai.”

Hakimu alitaka kuongeza kitu. Alimtazama usoni, akachovya kalamu, akaandika kama alivyoambiwa.

Majira ya baridi yakapita, wala neno. Mehitabel aliamini ameharibu kila kitu kwa ukweli wake. Waziri hakujibu. Ila mwezi wa tano, wakati wa kupanda mahindi, Barzilai mwenyewe aliingia mlangoni, mwembamba, ndevu zimemjaa, akasema tu kwamba siku moja walimwita juu sitahani, wakamwambia akunje ngumi, halafu wakamwachia.

Asubuhi yake walikaa mezani wote, Kezia naye. Mehitabel alikoroga uji wa mahindi, akachukua jagi la molasi, ile shira nyeusi ya miwa, kama kawaida yake, kisha mkono ukasita.

“Wewe uji wako unaupenda na molasi au na chumvi?”

Barzilai akamtazama baba yake, hajui kuna nini. “Si huwa unaniwekea molasi, mama?”

“Huwa nakuwekea. Nakuuliza wewe unapenda nini.”

Akafikiri. “Chumvi,” alisema. “Molasi sijawahi kuipenda.”

Mehitabel akaondoa jagi mezani, akamletea chumvi, akaketi karibu yake, akalia mbele yao wote bila kujificha.