Muuza dawa ya choa anayepima kwa unyoya wa kuku

Saa mbili asubuhi, siku ya soko Kosele, mwanamume mgeni anasimama mbele ya meza ya Eucabeth Achieng. Jua limeshaanza kuchoma, lakini hajavua koti.

"Mama, wanasema dawa yako ya choa ni kali. Nipee chupa mbili."

Anaitwa Abdirahim, muuza viatu mjini Migori.

Dawa iko tele mezani: utomvu wa mshubiri, ambao huku huitwa ogaka, kitunguu saumu kilichopondwa, mafuta ya mwarobaini. Lakini Eucabeth, mwenye miaka 52, hauzi kabla ya kupima. Anachukua unyoya wa kuku.

"Funga macho. Ukisikia, sema."

Anaupitisha shavuni. "Nasikia." Kisha anamkunja mkono wa koti na kuupitisha juu ya baka lililopauka. Kimya.

"Anza basi, mama."

"Nimeshamaliza, ndugu yangu."

Abdirahim anafumbua macho; unyoya bado uko juu ya baka.

"Choa huwasha," Eucabeth anamwambia taratibu. "Hili halisikii kitu. Dawa yako iko hospitali, tena ni ya bure."

Risper, muuza nyanya wa jirani, hajizuii. "Nyasaye, Mungu wangu! Wewe ni muuzaji ama askari? Mtu ameleta pesa, unamfukuza!"

Eucabeth anaweka unyoya mezani. Mdogo wake, Boaz, alikuwa na baka kama hilo.

"Nilimpaka ogaka miaka miwili, kwa mkono huu," anasema. "Nilidhani ni choa kikaidi. Kumbe ni ukoma."

Boaz alitibiwa, akapona, ila vidole viwili vilikuwa vimeshajikunja. Macho ya watu yakamchosha, akahamia upande wa Ntimaru. Huu ni mwaka wa sita simu yake haipatikani. Kila Krismasi ikikaribia, Eucabeth hufua blanketi la mdogo wake na kulianika.

"Natamani tu aingie hapa sokoni. Hata akinitukana, mradi nimwone."

Abdirahim bado hajaondoka. "Nikienda peke yangu, mama, nitarudia njiani."

"Hutaenda peke yako. Nitakaa na wewe mpaka utoke kwa daktari."

Siku ya soko humpa Eucabeth kama shilingi 1,500, na ndizo zinazolisha nyumba wiki nzima. Anafunika meza kwa gunia, wanapanda bodaboda.

Saa nane wangali kwenye benchi la hospitali, watu saba mbele yao. Simu inalia. Ni Risper.

"Mwalimu wa bweni amekuja! Anataka dawa ya mapunye, wanafunzi themanini! Asipokupata ananunua kwingine. Panda boda sasa hivi!"

Eucabeth anafumba macho kidogo. Themanini. Hajawahi kuuza kiasi hicho hata kwa miezi miwili.

"Mwambie anunue kwingine," anasema, na kukata simu.

Saa tisa na nusu mlango unafunguliwa, Abdirahim anaitwa. Anainuka, anageuka kumtafuta.

Eucabeth ameshasimama.